Kipigo Hakisuluhishwi: Mwanamke Asiye na Mtetezi Mbeya na Iringa

Tuanze na jambo lisilo na ubishi wa kisheria. Hakuna sheria ya nchi hii inayompa mume ruhusa ya kumpiga mkewe. Jambo hili linastahili kusemwa mapema, maana wapo wazee wa mila, wapo viongozi wa dini, na wapo hata wasomi wenzangu ambao mpaka leo huzungumza kana kwamba kipigo ndani ya ndoa ni jambo lililofumbiwa macho na sheria. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba, hata kama ipo mila inayosema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Sheria hiyo ilitungwa miaka kumi tu baada ya Uhuru, na waliyoitunga walijua vema kwamba mila ingeletwa kuwa kisingizio, ndiyo maana wakaitaja waziwazi. Kanuni ya Adhabu nayo inasema vivyo hivyo kuhusu shambulio: kosa ni lilelile, liwe limetendwa na mlevi sokoni Mwanjelwa au na mume chumbani mwake.

Kwa hiyo makala haya hayaulizi kama sheria ipo. Yanauliza kwa nini sheria iliyodumu zaidi ya nusu karne haimfikii mwanamke wa Isimani, wa Mbarali au wa Busokelo siku anayoihitaji. Jibu langu ni hili: tangu anapotoka kwenye Dawati la Jinsia na Watoto akiwa na fomu ya PF3 mkononi, hadi siku hukumu inaposomwa, mwanamke aliyepigwa ndiye mtu ambaye shauri zima linamhusu na ambaye hana wa kusimama upande wake. Katika pengo hilo tumeliweka neno zuri, neno tunalolipenda sote, nalo ni suluhu. Nami nadai kwamba suluhu kati ya aliyepiga na aliyepigwa, huku aliyepigwa hana mtetezi, ni adhabu ya pili kwa mtu yuleyule.

Sipuuzi hatua zilizokwisha kupigwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 27. Jeshi la Polisi lina madawati ya jinsia na watoto zaidi ya 400 nchini. Serikali ilitekeleza Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA, kuanzia mwaka 2017/18 hadi 2021/22, na awamu ya pili imeanza mwaka 2024/25. Kampeni ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewafikisha wanasheria katika vijiji ambavyo havijawahi kuona wakili.

Hayo yote ni mema. Lakini tazama yanafanya kazi wapi. Karibu yote yanafanya kazi mwanzoni mwa safari: kuelimisha, kuhamasisha, kumshawishi mwanamke avunje ukimya na atoe taarifa. Tumemfundisha kugonga mlango. Hatujajiuliza vya kutosha anakuta nini ndani.

Ndani kuna vyumba vitatu. Ili tusizungumze hewani, tumchukue mwanamke wa mfano, mkulima wa mahindi na alizeti katika tarafa ya Isimani, mkoani Iringa, ambaye mumewe amempiga hadi akashonwa nyuzi usoni. Tumfuate chumba kwa chumba.

Chumba cha kwanza ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Akiamua kuomba talaka, Sheria ya Ndoa inamtaka apite kwanza hapo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na ombi lake liambatane na hati ya Baraza inayoeleza kwamba usuluhishi umeshindikana. Hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Akichelewa kwa sababu ya nauli, au kwa sababu ya msimu wa kulima, au kwa sababu ndugu wamemsihi asubiri kidogo, miezi sita inapita na anarudi mwanzo. Asidhani kwamba haya ni maandishi ya mapambo. Mahakama ya Rufani imekwisha kubatilisha mashauri ya talaka yaliyoamuliwa chini kwa sababu tu hapakuwa na hati halali ya Baraza.

Mbele ya Baraza hilo wakili hana nafasi ila kwa ridhaa ya Baraza lenyewe. Anayeweza kumsemea ni ndugu wa familia. Kwa mtazamo wa mtunga sheria wa mwaka 1971 hili lilikuwa jambo la busara: ndoa isuluhishwe kwa lugha ya nyumbani, pasipo maneno makali ya kimahakama. Lakini katika jamii zetu nyingi za Nyanda za Juu Kusini mke ndiye anayehama kwenda kwa mume. Ndugu zake wako tarafa nyingine, pengine mkoa mwingine. Wajumbe wa Baraza ni majirani wa mume, waumini wenzake, wengine walicheza naye utotoni. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Simtuhumu mjumbe yeyote kwa nia mbaya. Nasema tu kwamba katika chumba hicho kila mtu ana mtu wake, ila mwanamke wa Isimani. Hapo ndipo nyuzi zilizo usoni mwake zinapobatizwa jina jipya na kuitwa "kutoelewana".

Chumba cha pili ni Mahakama ya Mwanzo. Hii ndiyo mahakama iliyo karibu na wananchi, inayoendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, na yenye mamlaka ya kusikiliza makosa ya shambulio. Wengi wetu hatujui jinsi shauri la jinai linavyoendeshwa huko. Kwa miaka mingi Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliwazuia mawakili na waendesha mashtaka kuingia katika mahakama hiyo. Marekebisho ya miaka ya karibuni yamewafungulia mawakili mlango pale inapoongozwa na hakimu mkazi, lakini mlango wazi haumfai mtu asiye na fedha ya kumlipa wakili. Matokeo yake ni kwamba mlalamikaji ndiye anayeliendesha shauri lake mwenyewe. Yeye ndiye anayetafuta mashahidi. Yeye ndiye anayejieleza mbele ya hakimu. Yeye ndiye anayemuuliza maswali mshtakiwa, na mshtakiwa naye ana haki ya kumuuliza yeye.

Tafakari picha hiyo, msomaji. Mwanamke aliyepigwa na mtu anatakiwa asimame hatua chache kutoka kwa mtu huyohuyo, ajibu maswali yake moja baada ya jingine, kisha amhoji, akijua kwamba jioni watapanda gari moja kurudi kijiji kimoja. Asipofika siku iliyopangwa, mahakama inaweza kulifuta shauri. Anayehesabiwa kuwa hakufika ni yeye, hata kama aliyemzuia kufika ni mshtakiwa. Kuna msemo kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Katika Mahakama ya Mwanzo msemo huo una nguvu ya utaratibu wa kisheria.

Chumba cha tatu ni Mahakama ya Wilaya, na hapa mambo yanaonekana kuwa afadhali. Shauri linafunguliwa kwa jina la Jamhuri, na yuko mwendesha mashtaka. Wengi hudhani kwamba mwendesha mashtaka ndiye wakili wa aliyepigwa. Sivyo. Yeye ni wakili wa Jamhuri. Aliyepigwa ni shahidi miongoni mwa mashahidi. Akiwa na hofu ya kurudi nyumbani, kazi ya mwendesha mashtaka si kumtafutia pa kulala. Shauri likiahirishwa, anaweza kulijua hilo akiwa amekwisha kulipa nauli. Mwendesha mashtaka mwenye meza iliyojaa majalada anaweza kukutana naye kwa mara ya kwanza asubuhi ileile ya ushahidi.

Na umbali ni mzigo mwingine. Kutoka Isimani mahakama hiyo iko Iringa mjini. Kwa mtu wa Makongolosi iko Chunya. Kwa mtu wa Matema iko Kyela. Mara moja inavumilika. Mara ya tano, baada ya "shauri limeahirishwa, hakimu ana udhuru", "shauri limeahirishwa, daktari hajafika", hata mtu jasiri huanza kuhesabu nauli dhidi ya haki yake. Wakati huohuo mshtakiwa yuko nje kwa dhamana. Sipingi dhamana, ni haki yake, na mtu hahesabiwi kuwa mkosaji kabla ya hukumu. Lakini mahakama ina uwezo wa kuweka masharti ya dhamana, na mmoja kati ya watu wanaoweza kueleza ni masharti gani yanahitajika ni mwanamke ambaye hakuulizwa. Angekuwa na mtetezi, mtetezi huyo angemkumbusha mwendesha mashtaka aombe kwamba mshtakiwa akae kwa nduguye hadi shauri liishe. Pasipo mtetezi, dhamana inamrudisha mshtakiwa kwenye nyumba ileile, kitanda kilekile, na shahidi yuleyule.

Tuitazame hata ile PF3, karatasi tunayomwambia aitunze kama mboni ya jicho. Mahakama ya Rufani, mara nyingi, imeiondoa fomu hiyo katika kumbukumbu za mashauri kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, au kwa sababu ilipokelewa bila kusomwa mahakamani. Kanuni hizo ni za haki, nami nazitetea darasani. Lakini angalia nani alikosea na nani analipa. Aliyesahau ni mahakama au upande wa mashtaka. Anayepoteza ushahidi ni mwanamke. Laiti angekuwapo mtu mmoja mwenye elimu ya sheria, ambaye kazi yake ni kuangalia kwamba shauri la mwanamke huyu halianguki kwa uzembe wa wengine, mengi ya makosa hayo yangesahihishwa siku yaleyale yanapotokea.

Sasa tuje kwenye suluhu yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa mahakama uwezo wa kuhimiza mapatano katika mashauri ya shambulio la kawaida na makosa mengine ya binafsi, kwa masharti: kosa lisiwe kubwa, lisiwe limeambatana na mambo yanayolizidishia uzito, na mahakama iwe na maoni kwamba maslahi ya umma hayadai adhabu itolewe. Katiba nayo, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zikuze usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Watetezi wa suluhu katika kesi za kipigo huegemea hapo, na mimi nakiri kwamba msingi huo ni mzuri. Majirani wawili wa Ilula waliorushiana ngumi kwa sababu ya mpaka wa shamba la nyanya hawana sababu ya kumaliza mwaka mahakamani. Wapatane, aliyeumizwa alipwe fidia, maisha yaendelee.

Lakini majirani hao wako sawa, kila mmoja ana nyumba yake, na kila mmoja anaweza kusema "sikubali" bila kulala nje usiku huo. Mke aliyepigwa hana hata kimoja kati ya hivyo. Suluhu inahitaji watu wawili walio huru kukataa. Anayeogopa akikubali, amesalimu amri. Tena kipigo cha nyumbani hakifanani na ugomvi wa siku moja sokoni. Mara nyingi kina jana yake na kesho yake. Mapatano yanayosainiwa leo pasipo mtu wa kufuatilia kesho yanamfundisha mpigaji jambo moja tu, kwamba bei ya kumpiga mke inajulikana na inalipika. Na fidia yenyewe, mbuzi au fedha, mara ngapi hupokewa na wazee wa pande mbili huku mwenye kovu akiambiwa apike chakula cha mapatano?

Ibara ya 107A haisomwi peke yake. Iko katika Katiba ileile yenye Ibara ya 12 inayolinda utu wa kila mtu, Ibara ya 13 inayotaka usawa mbele ya sheria, na Ibara ya 14 inayolinda haki ya kuishi. Usuluhishi unaomrudisha mtu kwenye hatari hauwezi kuwa ndio uliokusudiwa na Katiba hiyo. Na kuhusu maslahi ya umma: utafiti ule wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume waliona kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu mojawapo kati ya zilizotajwa. Katika jamii yenye imani hiyo, umma una maslahi makubwa mno ya kuisikia mahakama ikisema hapana.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, nami sitazikwepa.

Hoja ya kwanza ni kwamba mlalamikaji mwenyewe ndiye anayekuja kuomba kesi ifutwe. Kweli, hutokea. Swali ni nani aliyemtuma. Mume akifungwa, ada ya shule inatoka wapi, na nani atapalilia shamba? Wakwe wakisema "umetuaibisha", anakula wapi? Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la Opuz dhidi ya Uturuki. Huko mashtaka dhidi ya mume yalikuwa yamefutwa baada ya mke na mama yake kuondoa malalamiko yao, na mwishowe mama huyo akauawa na mkwewe. Mahakama ilisema kwamba kadiri kosa lilivyo zito na hatari inavyoendelea, mamlaka zinapaswa kuendelea na mashtaka kwa maslahi ya umma hata kama malalamiko yameondolewa. Hukumu hiyo haiifungi Tanzania, lakini mantiki yake haina mipaka ya bara. Sheria yetu wenyewe ya Ushahidi ililiona hilo, kwani katika kosa lililotendwa dhidi ya mwili wa mwenzi, mwenzi huyo anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi. Lakini kumlazimisha mtu aseme, kisha kumrudisha bila ulinzi kwa yule aliyemsemea, ni ukatili wa dola juu ya ukatili wa nyumba.

Hoja ya pili ni kwamba wakili akiingia, ndoa inavunjika. Ndoa iliyofika PF3 haikuvunjwa na wakili. Tena wapo wanawake wasiotaka talaka wala kifungo; wanataka kipigo kikome. Mtetezi mzuri ndiye anayeweza kuyapata hayo kwa njia ya sheria, kwa sababu anajua mahakama ina nini zaidi ya jela.

Hoja ya tatu ni kwamba mshtakiwa naye mara nyingi hana wakili, kwa hiyo kumpa mlalamikaji mtetezi ni kuvuruga mizani. Nakubali kwamba mshtakiwa maskini anastahili wakili, na hilo lidaiwe pia. Lakini kumbuka historia. Sheria ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai ya mwaka 1969 ilimtazama mshtakiwa peke yake. Ilichukua hadi mwaka 2017 kupata Sheria ya Msaada wa Kisheria inayotazama watu maskini kwa upana na kuwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Hao wasaidizi ni jeshi letu la kweli vijijini. Wanaandika barua, wanaelekeza, wanasindikiza. Ila sheria haiwaruhusu kumwakilisha mtu mahakamani. Wanamfikisha mwanamke mlangoni, kisha wanabaki kwenye benchi la nje.

Hoja ya nne ni kwamba wapo wanawake wanaosingizia. Wapo waongo wa jinsia zote, na wapo pia wanaume wanaopigwa, ambao haya ninayoyadai yatawafaa vilevile. Dawa ya uongo ni shauri lililosikilizwa vizuri. Kesi inayofutwa njiani haimsafishi aliyesingiziwa wala haimlindi aliyeumizwa. Inawaacha wote wawili kwenye minong'ono ya kijiji.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matano, na hakuna hata moja lililo nje ya uwezo wetu.

Mosi, Tanzania Bara itunge sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Uganda ilifanya hivyo mwaka 2010, Kenya mwaka 2015, na katika nchi zote mbili mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi inayomzuia mtesaji kumsogelea aliyeumizwa. Sisi tuna kifungu katika Sheria ya Ndoa kinachoweza kumzuia mwenzi kumbughudhi mwenzake, lakini kimefungamanishwa na shauri la ndoa. Mwanamke asilazimike kuomba talaka ili apate usalama. Sheria hiyo ifunge pia pengo la Kanuni ya Adhabu, ambayo hadi leo haimhesabu mume kuwa amebaka akimwingilia kwa nguvu mke ambaye hawajatengana.

Pili, kipigo cha nyumbani kiondolewe katika orodha ya makosa ambayo mahakama inaweza kuyamaliza kwa mapatano, na mwanamke aliyepigwa asilazimishwe kupitia Baraza la Usuluhishi. Sheria ya Ndoa tayari inaruhusu mahakama kulisikiliza shauri bila hati pale mazingira yasiyo ya kawaida yanapofanya Baraza lisifae. Mahakimu wakitamka kwamba kipigo ni mazingira ya namna hiyo, hatutahitaji kulisubiri Bunge.

Tatu, mlalamikaji katika kesi hizi apewe mtetezi wake, anayelipwa au kuratibiwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria: wa kuwasiliana na mwendesha mashtaka, kueleza masharti ya dhamana yanayohitajika, kufuatilia tarehe, na kumsikiliza faraghani kabla mahakama haijapokea ombi lolote la kufuta shauri. Hakimu asikubali ombi hilo kabla hajajiridhisha kwamba mwombaji hakutishwa.

Nne, mashauri haya yapangiwe siku zake na yasikilizwe mfululizo. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke, kilichoanza mwaka 2021, kimeonyesha kwamba mashauri ya familia yanaweza kupewa mahali pake. Si lazima Mbeya na Iringa zisubiri jengo. Mahakama za Wilaya za Mafinga, Tukuyu na Kyela zikitenga hata siku mbili kwa mwezi, daktari, polisi na mashahidi wakaitwa kwa pamoja, safari tano zitakuwa moja au mbili.

Tano, na hapa naugeukia ukoo wangu mwenyewe, ukoo wa wasomi. Mikoa hii haina njaa ya sheria vitabuni. Sheria inafundishwa Chuo Kikuu cha Iringa, inafundishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Ruaha ambacho siku hizi ni chuo kikuu kamili, inafundishwa Mzumbe Ndaki ya Mbeya. Kila mwaka tunawatunuku vijana shahada kwenye mahafali yenye ngoma na maua, saa moja au mbili kwa gari kutoka mahakama ambazo mwanamke anaendesha kesi ya jinai peke yake. Mwanafunzi hawezi kusimama kama wakili. Anaweza kumsindikiza mlalamikaji, kumsomea maelezo yake, kumwandalia maswali ya kumuuliza mshtakiwa, kuandika tarehe na sababu ya kila ahirisho. Kazi hiyo iwe sehemu ya masomo na ihesabiwe alama. Baada ya miaka mitatu tungekuwa na kumbukumbu za kweli za jinsi kesi hizi zinavyokufa katika mikoa yetu, na hakuna waziri wala jaji ambaye angeweza kusema hakuambiwa.

Wazee wetu wana msemo kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa ugomvi wa kweli, msemo huo una hekima. Lakini tumeutumia vibaya mno. Tumeusikia ukuta wa jirani ukitikisika usiku, tukachukua jembe. Polisi wamechukua jembe kwa kusema "yamalizeni nyumbani". Mahakama imechukua jembe kwa kuahirisha hadi mlalamikaji alipochoka. Wote tumerudi na kapu siku ya mapatano, tumekula, tumepiga picha, na kuiita ile amani.

Kuanzia sasa, mtu yeyote akikuomba uwe shahidi wa suluhu ya kesi ya kipigo, muulize maswali mawili kabla hujatia saini. Nani amekaa upande wa aliyepigwa? Na usiku wa leo atalala wapi? Kama maswali hayo hayana jibu, kataa kutia saini, na umpeleke mama huyo kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu.